Somo la Maua ya Sukari: Tuanze na Ua

Walimu wanafunzi wanapoandaa somo la maua ya sukari, yaani petali zinazokaushwa kwa sukari ili kupambia keki na kastadi, huanza karibu wote na sukari. Kwa maoni yetu hapo ndipo somo linapoharibika. Katika zoezi moja la kufundisha tulilohudhuria, mwalimu alikuwa angali akipima vifaa vyake pale watoto watatu walipomletea, kwa furaha kubwa, maua waliyoyachuma kwenye uzio wa jirani. Yalikuwa maua ya oleanda. Mmea huo una sumu katika kila sehemu yake, nayo hudhuru moyo. Kwa bahati hakuna aliyeyatia kinywani.

Basi kipindi cha kwanza kiwe cha utambuzi. Mwalimu alete waridi lenyewe, na aonyeshe kwa picha tu oleanda na mnanaha, ule wenye maua kama tarumbeta. Watoto waambiwe wazi kwamba uzuri na harufu ya ua si dalili ya kulika, na kwamba hakuna atakayeonja ila kilichotoka katika sahani ya mwalimu. Hata waridi lina sharti lake: litoke katika bustani isiyopuliziwa dawa. Mawaridi ya mashamba makubwa, kama yale ya Naivasha, hukuzwa kwa ajili ya kupamba meza, si kuliwa. Hayafai hata yakioshwa.

Kipindi cha pili ndicho cha kazi. Petali zichumwe asubuhi umande ukishakauka, na ile ncha nyeupe ya chini ikatwe kwa kuwa ni chungu. Vitabu vingi vya mapishi huagiza ute wa yai bichi. Sisi hatupendi yai bichi litumike darasani, maana laweza kuwa na vijidudu vya salmonela, na sukari ya juujuu si moto wa kuviua. Badala yake tunatumia gundi ya mgunga, ile inayouzwa kwa matumizi ya chakula: vijiko vidogo 3 vya unga wake katika vijiko vikubwa 3 vya maji ya waridi ya kupikia, au maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Mchanganyiko huo uachwe usiku kucha uyeyuke.

Sukari itwangwe kidogo na kuchekechwa. Isiwe unga kabisa, kwani itageuka uji juu ya petali. Wala isiwe ya chenga kubwa, haitashika. Kwa brashi ndogo mpya, petali ipakwe gundi pande zote mbili, kwa wepesi, pasibaki sehemu iliyo wazi. Sehemu iliyoachwa wazi ndiyo itakayonyauka na kuwa ya kahawia. Kisha inyunyiziwe sukari na kulazwa juu ya karatasi safi, chini ya chandarua, kwa siku moja au mbili.

Wakati wa kungoja usipotee bure. Mtoto anyunyizie sukari juu ya kipande cha nyanya: baada ya dakika chache ataona maji yakitoka. Hapo mwalimu aulize maji hayo yametoka wapi, naye asiharakishe kujibu. Wakishaona kwamba sukari huvuta maji, watafahamu bila shida kwa nini petali haiozi: vijidudu navyo hukosa maji ya kuzaliana. Petali moja isiyopakwa kitu iwekwe kando kwa kulinganisha.

Mwalimu wa Tanga au Mombasa atajaribiwa zaidi kuliko mwenzake wa Dodoma, kwa maana hewa ya pwani ina unyevu, nayo sukari huunyonya. Wakati wa masika tungemshauri aahirishe somo hili. Petali zilizokauka barabara hulia kama karatasi zikiguswa. Hizo zipangwe katika kopo linalofunga sawasawa, karatasi kati ya safu na safu, na zitiwe juu ya keki dakika za mwisho kabla ya kuandaliwa.