Kabla Hujapanda Ngazi: Feni ya Dari Nyumbani

Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954. Viwanda vikaufuata umeme huo Jinja, Uganda, na nyumba nazo zikafuata viwanda. Ndugu mkazi wa mtaa wa Nalufenya, Jinja, unayeishi katika nyumba ya umri huo, huenda nyaya za darini ni za tangu siku hizo. Ukiukunja waya na ganda lake likapasuka, usiufungie feni mpya. Fundi avute mwingine.

Tuanze na kulabu, kwani ndiyo inayobeba feni usiku kucha juu ya watu waliolala. Feni ya kawaida ina uzito wa kilo 4 hadi 6, na mtikisiko wake hulegeza nati kidogo kidogo. Silingi bodi haiwezi kuibeba, hata ionekane imara vipi. Kulabu ishike boriti au mbao nene ya kenchi, kwa bolti iliyopenya hadi upande wa pili, msumari hautoshi. Bolti inayoshika bomba la feni ina tundu la pini. Pini hiyo ndogo ndiyo fundi mwenye haraka huisahau. Kabla hajafunika kikombe cha juu, mwombe akuonyeshe pini ikiwa ndani, ncha zake zimekunjwa.

Panga ziwe juu ya sakafu angalau mita 2.3. Watoto wakilalia kitanda cha dabo deka, chumba hicho hakifai feni ya dari. Wawekee ya ukutani, mbali na mikono yao.

Kazi ikianza, zima swichi kuu. Swichi ya ukutani haitoshi: kama imefungwa kwenye nyutro, feni itasimama huku volti 240 zingali juu. Kabla ya kuzima swichi kuu, jaribu testa mahali penye umeme, uone inawaka, na ukishazima ndipo upime nyaya za feni. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu na nyutro nyeusi. Katika mpya ni kahawia na bluu. Ethi, ya kijani au kijani na njano, ifungwe kwenye chuma cha feni, isikatwe na kuachwa.

Kwa sheria ya Uganda, anayefunga nyaya lazima awe na kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA. Mwombe akuonyeshe, fundi wa kweli hachukii kuulizwa.

Feni ikianza kuyumba, izime siku hiyohiyo, na fundi akague kulabu na pini kabla ya kugusa panga.