UYOGA WA MALISHONI WENYE VUMBI LA KIJANI

Mvua zinaposhika, akina mama na watoto huenda malishoni na kando ya vichuguu kutafuta uyoga. Kazi hiyo ni njema, kwa kuwa uyoga ni kitoweo kitamu kisicho na gharama. Lakini katika majani yayo hayo huota uyoga mwingine, mweupe na mzuri wa kutazama, naye aulaye hulala macho usiku ule. Wataalamu huuita Chlorophyllum molybdites. Mjerumani G. F. W. Meyer aliuandika kwanza mwaka 1818, katika kitabu cha mimea ya Amerika ya Kusini. Nao waota katika nchi nyingi za joto, hizi zetu za Afrika ya Mashariki zikiwamo.

Ungali mchanga hufanana na yai lililowekwa juu ya kijiti. Ukifunguka, kofia yake huwa na upana wa inchi 4 hata 12, nyeupe, yenye magamba ya rangi ya udongo yaliyokusanyika zaidi katikati. Mguuni mna pete iwezayo kusogezwa juu na chini. Mara nyingi huota kwa duara.

Basi tazama chini ya kofia, penye vikunjo vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Ukiwa umekomaa, vikunjo hivyo vina rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Hapa ndipo ulipo mtego: ukiwa mchanga vikunjo ni vyeupe kabisa, na watu wengi hupenda kuchuma ule mchanga kwa kuwa ni laini. Kwa hiyo usichume uyoga wa malishoni ambao kofia yake haijafunguka, hata ukikupendeza namna gani.

Uliofunguka waweza kuupima hivi. Kata mguu, laza kofia juu ya karatasi nyeupe, vikunjo vikielekea chini, kisha uifunike kwa bakuli mpaka asubuhi. Vumbi la mbegu zake litakuwa limeanguka juu ya karatasi. Likiwa kijani, tupa uyoga wote. Lakini likiwa jeupe usishangilie upesi, maana uko uyoga mwingine wa kuua wenye vumbi jeupe.

Uyoga mkubwa wa mchwa, tuupendao sote, vumbi lake ni la waridi hafifu. Tena ukichimba polepole bila kuung'oa, utaona mzizi mrefu ushukao mpaka kwenye kiota cha mchwa. Ule wa sumu hauna mzizi wa namna hiyo.

Wako wazee wasemao kwamba sumu hugeuza kitunguu au sarafu ya fedha kuwa nyeusi chunguni, na kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama. Kwa heshima yao yote, mambo hayo si kweli.

Aliyekula huanza kuumwa tumbo, kutapika na kuhara baada ya saa moja hata tatu, pengine pamoja na damu. Wengi hupona kwa siku chache, lakini mtoto huweza kukaukiwa na maji upesi. Mpeni maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo, mkampeleke kwa mganga wa zahanati bila kungoja. Chukueni na masalio ya uyoga, yakiwa yamefungwa katika karatasi, ili mganga ayaone.