Bangi na Ugonjwa wa Maini

Hapa Goma wako wanaosema mgonjwa wa maini apewe bangi ale na kulala. Kweli, bangi yaweza kuamsha njaa na kupunguza kichefuchefu. Lakini haiponyeshi maini. Tena maini ndiyo yanayoivunja. Yakiwa na makovu, nguvu yake inakawia mwilini.

Angalia sana hapa: mgonjwa akianza kulala mchana, kuchanganya maneno, mikono kutetemeka, pengine sumu ambayo maini yameshindwa kuitoa imefika kwenye ubongo. Jamaa wanasema, "Mwacheni, ni bangi tu." Hapana! Mleteni hospitali siku ile ile. Kama amevuta, mwambieni muganga ukweli, hatutamgombeza. Kasiksi na kanyanga aache kabisa.