SOMO: Tumtayarishe Kijana Wetu Awe Mfamasia

Somo hili ni la wazazi, vijana na vikundi vyote, iwe ni akina mama wa Dunga, wavuvi wa Usenge au wakulima wa Kendu Bay.

Huku kwetu ziwani malaria inatusumbua kuliko sehemu nyingi za Kenya. Mtoto akishikwa na homa usiku, wengi wetu tunakimbilia kemisti. Je, yule anayetupa dawa amesomea kazi hiyo? Tukitaka wataalamu karibu nasi, hatuna budi kuwasomesha watoto wetu wenyewe.

1. Kazi yenyewe ni nini?

Mfamasia si muuza duka tu. Chukueni mfano wa vidonge vya AL, ambavyo Kenya ilianza kuvitumia kote mwaka 2006 kutibu malaria isiyo kali. Mtoto wa kilo 18 aliyepimwa akakutwa na malaria hupewa vidonge 2 kila mara, mara 6 kwa siku 3. Jumla ni vidonge 12. Mzazi akinunua nusu kwa kukosa pesa, homa inaweza kushuka, lakini vimelea hubaki damuni na ugonjwa hurudi. Mfamasia mwema hamwuzii nusu akanyamaza. Humweleza hatari, kisha humwelekeza kituo cha afya. Hapo kuna hesabu, kuna sayansi na kuna uaminifu.

2. Njia ni mbili

Ya kwanza ni diploma ya miaka 3, kwa mfano katika vyuo vya KMTC. Ya pili ni digrii ya miaka 5, kisha mwaka 1 wa mazoezi kazini. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha famasia tangu 1974. Mwenye diploma naye anaweza kuendelea hadi digrii baadaye, kwa hiyo asiyepata digrii mara moja asikate tamaa.

3. Tuanze mapema

Masomo ya lazima ni Kemia na Baiolojia, pamoja na Hesabu au Fizikia, na lugha. Wastani mzuri peke yake hautoshi ikiwa Kemia imeanguka. Wale wa mtaala mpya huchagua njia yao wakiingia Gredi ya 10, basi anayetaka famasia achague sayansi hapo hapo. Akikosea, kurekebisha ni vigumu. Na tuseme ukweli: mvulana akionja pesa za bichi mapema, kumrudisha darasani ni kazi ngumu. Msichana naye akiachiwa kuchota maji na kuanika omena kila jioni, atasoma Kemia saa ngapi?

4. Chunga karo yako

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, ulizeni Bodi ya Famasia na Sumu kama chuo hicho kimeidhinishwa kufundisha kozi hiyo. Kibao kikubwa barabarani si idhini. Aliyesoma katika chuo kisichotambuliwa hatakubaliwa na Bodi, na bila Bodi hawezi kufanya kazi kihalali. Karo imekwenda, miaka imekwenda, na ng'ombe waliouzwa hawarudi.

5. Kikundi kifanye nini?

Tukisema wanachama 20 wanatoa shilingi 50 kila wiki, ni shilingi 1,000. Kwa mwaka zinafika 52,000. Hazitamaliza kila kitu, lakini haba na haba hujaza kibaba. Ziwekeni benki kwa jina la kikundi, na weka sahihi tatu. Pia kuna mkopo wa HELB, shirika lililoanzishwa 1995. Mkopo huo hulipwa baadaye, kwa hiyo kijana aelewe kabla ya kutia sahihi.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, nani anapenda sayansi na anahitaji kusukumwa kidogo?
2. Ni kazi gani za nyumbani tunaweza kuwapunguzia wasichana?
3. Tukimsaidia kijana mmoja, tutamwomba naye amsaidie nani?

Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu. Kuponya watu na kumtumikia Mungu vilikwenda pamoja kwake, na kwa vijana wetu pia vyaweza kwenda pamoja. Mungu abariki mikutano yenu.