Safari ya gari Masasi na Newala: pa kulala, pa kusimama

Mwenye gari anayetoka Dar es Salaam kwenda kutembea kusini huanza kwa kuuliza hoteli ipi ni nzuri. Kwa Masasi na Newala swali hilo huja mapema mno. Yapo mawili ya kutangulia: jua litakuchwa ukiwa wapi, na maji ya kuoga yatatoka wapi. Ukishayajibu hayo, orodha ya nyumba za wageni hupungua yenyewe, ukabaki na mbili tatu za kupigia simu.

Gawa njia kwa saa za mchana

Dar es Salaam hadi Masasi ni karibu kilomita 600, na njia ni ya lami. Mabasi huimaliza kwa siku moja, lakini basi halina mtoto anayeomba kushuka kila baada ya nusu saa. Ukishatoka kwenye foleni ya Mbagala, vijiji vinafuatana, na katika kila kijiji kuna kibao cha 50, matuta na pengine trafiki kivulini. Baada ya saa 12 jioni mambo huwa mabaya zaidi: baiskeli zisizo na taa, mbuzi, na lori lililoharibika katikati ya njia likiwa limewekewa matawi ya mti badala ya pembetatu.

Kwa hiyo panga kulala njiani. Ukiondoka saa 12 asubuhi, una chaguo mbili. Ya kwanza ni Kilwa Masoko, ambako unakata kona Nangurukuru na kufika mchana. Inamfaa mwenye familia, kwa sababu asubuhi ya pili anaweza kuvuka kwa boti hadi Kilwa Kisiwani kuona magofu yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ya pili ni Lindi mjini, kwa anayetaka kumaliza kazi kubwa siku ya kwanza; kutoka hapo Masasi ni safari ya nusu siku tu. Usijaribu zote mbili katika safari ya siku chache.

Kwa chakula cha mchana, simama panaposimama mabasi, kama Nangurukuru. Penye wateja wengi chakula hakilali. Kabla ya hapo, Ikwiriri ni pazuri kunyoosha miguu, halafu unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya daraja hilo wasafiri walikuwa wakisubiri kivuko.

Ukisafiri kati ya Machi na Mei, piga simu kwa mtu aliye Kilwa au Lindi kabla ya kuwasha gari. Mwaka 2024, mvua kubwa pamoja na Kimbunga Hidaya cha mwezi Mei viliikata barabara hii maeneo ya Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili.

Masasi ndiyo kambi

Mnazi Mmoja, baada ya Lindi, njia zinagawanyika: moja inakwenda Mtwara, nyingine inaingia bara kuelekea Masasi. Kabla ya kufika Masasi utapita Ndanda, yalipo makao ya Wabenedikti yaliyoanzishwa mwaka 1906 pamoja na hospitali yao kubwa. Ni pa kupumzika, na kwa mwenye mtoto mdogo au mzee garini, ni pa kukumbuka usiku homa ikipanda.

Masasi inafaa kuwa kambi ya usiku mbili. Kuna sheli, mafundi, benki, soko na Hospitali ya Mkomaindo. Mji umekaa katikati ya majabali makubwa yanayochomoza ghafla kutoka kwenye tambarare, na hapo ndipo penye siri ya kuchagua chumba: epuka nyumba zilizobanana na stendi na barabara kuu ya Tunduru, ambako malori hunguruma usiku kucha. Tafuta mitaa ya ndani, upande wa majabali. Kwa bodaboda utafika mjini kwa dakika chache.

Mchana nenda Mtandi, kwenye kanisa kuu la Kianglikana chini ya jabali. Misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili, akiwa na watu walioachiwa huru kutoka utumwani. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia, na wamisheni wakahamia juu, Newala. Kituo cha pili ni Lupaso, wilayani hapo hapo Masasi, alikozikwa Rais mstaafu Benjamin Mkapa mwaka 2020. Vituo hivi viwili vinatosha siku moja bila kukimbizana.

Newala ilalwe usiku mmoja

Wengi huiendea Newala kwa siku moja na kurudi Masasi jioni. Ni kama kilomita 70 tu, na kwenye ramani inaonekana rahisi. Lakini kinachokupeleka Newala ni ukingo wa uwanda wa Makonde, pale Shimo la Mungu, ambapo ardhi inaporomoka na bonde la Ruvuma linafunguka hadi upande wa Msumbiji. Saa sita mchana bonde huwa limefunikwa na ukungu wa joto, na kuanzia Agosti huongezeka moshi wa mashamba yanayochomwa. Mandhari yake ni ya alfajiri na ya jioni, na aliyelala Masasi huzikosa zote mbili, au akiingoja jioni, anateremka mlima gizani. Lala Newala usiku mmoja. Chukua sweta, hasa Juni na Julai. Omba mhudumu akutafutie kijana wa hapo wa kukuongoza, na ukifika ukingoni shika watoto mkono.

Sasa maji. Udongo wa uwanda huu hunywa mvua yote, na juu hakuna mto wala kisima cha karibu. Vizazi vya Wamakonde viliteremka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, alishangaa watu kukaa mbali hivyo na maji. Lakini juu palikuwa salama zaidi wakati wa uvamizi. Leo maji husukumwa kwa mashine kutoka chini, na mashine ikisimama au umeme ukikatika, bomba hukauka. Ndiyo maana Newala tenki la nyumba lina maana kuliko televisheni ya chumbani.

Maswali ya simu

Nyumba nyingi za wageni huku hazipo kwenye intaneti. Namba utaipata kwa mwenyeji, kwa dereva wa basi, au kwa mhudumu wa ulikolala jana, ambaye mara nyingi anamfahamu mwenzake wa mji unaofuata. Ukipiga, uliza haya:

1. Leo maji yanatoka bombani? Ukiuliza tu kama yapo, utajibiwa yapo. Neno "leo" humfanya mhudumu aende kufungua bomba. Uliza pia kama kuna tenki.

2. Gari linalala wapi? Unataka uzio, geti linalofungwa na mlinzi. Nje barabarani hapafai, hata ukiambiwa mtaa ni tulivu.

3. Baa iko umbali gani? Nyumba yenye baa uani ina chakula na muziki hadi usiku wa manane. Chagua kimoja.

4. Umeme ukikatika mnafanyaje? Jenereta ipo, na huzimwa saa ngapi?

5. Chumba cha self kina chandarua? Beba chako hata hivyo. Cha gesti kinaweza kuwa na tundu.

6. Chai ya asubuhi imo katika bei? Inaanza saa ngapi? Anayetaka kuwa ukingoni alfajiri aagize chupa ya chai usiku.

7. Mnapika? Kuku wa kienyeji huagizwa kabla ya saa sita mchana. Ukiagiza saa mbili usiku utakula chipsi mayai.

Ukifika, tazama chumba kabla ya kuandika jina kwenye kitabu cha wageni. Fungua bomba, washa feni, zungusha ufunguo, funua shuka. Chumba kisipokupendeza, omba kingine kwa upole. Fika kabla ya saa kumi jioni, wakati bado vipo vya kuchagua.

Msimu hubadili kila kitu

Juni hadi Septemba ni wakati mwepesi: barabara kavu, hewa ya baridi, vyumba vipo. Kuanzia Oktoba korosho huanza, na minada ya vyama vikuu vya ushirika kama TANECU na MAMCU huleta wanunuzi, maofisa na madereva wa malori. Vyumba vyenye maegesho hujaa kwanza. Ukisafiri wakati huo, lipa usiku wa kwanza mapema kwa simu na omba ujumbe wa kuthibitisha. Faida yake ni mabibo mabichi na korosho mpya. Wakati wowote ukikuta ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha sokoni, nunua, maana Dar huioni kirahisi.

Likizo za shule za Juni na Desemba ni wakati wa jando na unyago. Ngoma inaweza kukesha karibu na chumba chako, na hakuna wa kumlalamikia. Usipige picha bila kuomba ruhusa kwa wazee. Vilevile usiteremke hadi Ruvuma kwa kubahatisha. Huo ni mpaka, na tangu wapiganaji waliposhambulia kijiji cha mpakani cha Kitaya Oktoba 2020 ulinzi ni mkali. Pitia kwanza ofisi ya kijiji, ukiwa na kitambulisho.

Kurudi

Jaza mafuta Masasi kabla ya kupanda Newala, na hakikisha tairi la akiba lina upepo. Kutoka Newala unaweza kurudi kwa njia ya Tandahimba hadi Mtwara. Barabara yote ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina kilomita 210. Kipande cha kilomita 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata kilitangulia kupata lami, na kazi ikaendelea kwenye kilichobaki. Uliza hali yake kwa dereva aliyepita siku hiyo hiyo. Kukiwa kavu, pita huko ulale Mikindani, ambako boma la Wajerumani la mwaka 1895 limegeuzwa hoteli. Mvua ikiwa imenyesha usiku na gari lako ni la chini, rudi Masasi ushike lami.

Kwa ufupi, siku sita zinatosha: usiku mmoja Kilwa au Lindi, mbili Masasi, mmoja Newala, mmoja Mikindani au Lindi, kisha nyumbani. Ukilazimika kupunguza siku, toa usiku mmoja wa Masasi. Wa Newala usiuguse.