Kuboresha Kompyuta ya Michezo kwa Fedha Kidogo
Kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini yaweza kuchezea michezo ya video ikiongezewa kadi ya michoro. Lakini kabla ya kununua, fungua kasha uchunguze mambo matatu. Kwanza, umeme: tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu, na kadi inayohitaji zaidi hudai waya wa ziada ambao mashine nyingi za ofisini hazina. Pili, nafasi: kasha jembamba hupokea kadi fupi pekee. Tatu, kizazi cha kumbukumbu: DDR4 haiingii katika tundu la DDR3. Pima kwanza, ndipo ulipe. Fedha iliyonunua kifaa kisichoingia hurudi kwa shida.