Kabla ya DAP, nunua chokaa

Septemba hii wakulima wa Mbeya, Songwe, Njombe na Rukwa wameanza kupiga hesabu za pembejeo. Kabla hujatoa fedha ya mfuko wa kwanza wa mbolea ya DAP, kumbuka mahindi yako ya msimu uliopita yalivyokuwa wiki ya nne. Kama yalidumaa na majani yakawa na rangi ya zambarau kwenye kingo, na mbolea ya kupandia uliweka kama kawaida, basi huenda mbolea ilikuwemo shambani muda wote, ila mmea haukuipata.

Udongo wa nyanda za juu umenyeshewa sana. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, kwa hiyo hushikilia vitu vyenye chaji chanya kama kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, ambavyo ni chakula cha mmea. Maji ya mvua huja na asidi kidogo kutokana na kabonidioksidi ya hewani, na ioni za hidrojeni zilizomo huvibandua virutubisho hivyo na kukaa mahali pake. Vilivyobanduliwa husombwa chini, mizizi isikofika. Mavuno nayo huondoka na sehemu yake kila mwaka.

Sisi wenyewe tunaongezea asidi. Mbolea za DAP, urea na SA (salfeti ya amonia) zote huishia kuwa amoniamu ardhini, yaani nitrojeni moja iliyoungana na hidrojeni nne. Bakteria wanapoigeuza kuwa naitreti, kila amoniamu moja huacha ioni mbili za hidrojeni kwenye udongo. SA ndiyo kali kuliko zote. CAN ina nafuu kwa sababu imechanganywa na chokaa kiwandani. Sisemi uache mbolea hizi. Nasema shamba lililolishwa DAP na urea miaka kumi bila chokaa lina deni, na deni hilo hulipwa kwa mavuno.

Ioni hizo za hidrojeni ndizo uchachu wa udongo, na kipimo chake ni pH, alichokibuni mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, mwaka 1909 akiwa katika maabara ya kiwanda cha bia mjini Copenhagen. Namba zake huwapotosha wengi, maana kila hatua moja ni mara kumi. Udongo wa pH 4.5 una ioni za hidrojeni mara kumi ya ule wa 5.5, na mara mia ya ule wa 6.5. Kwa hiyo ukiambiwa shamba lako ni 4.8 na la jirani ni 5.8, usidhani mnakaribiana.

Mahindi hupenda 5.5 kwenda juu, na maharage huhitaji zaidi, karibu na 6. Chini ya 5.5 anaingia adui mwenyewe, alumini. Ipo kwa wingi ndani ya madini ya mfinyanzi, na ikitulia humo haina madhara, lakini asidi ikizidi huyeyuka na kuingia kwenye maji ya udongo. Ng'oa mche wa mahindi taratibu, uoshe mizizi kwenye ndoo. Mizizi iliyopigwa na alumini ni mifupi, minene, ncha zake za kahawia, na vinyweleo karibu hakuna. Mzizi wa namna hiyo utafuata maji wapi ukame wa wiki mbili ukiingia Januari?

Alumini na chuma vina kosa la pili. Fosfeti ya DAP ni fosforasi iliyozungukwa na oksijeni nne, na oksijeni hizo hufungamana na alumini na chuma kwa kifungo ambacho maji hayawezi kukifungua. Ndiyo sababu ya zambarau ile. Ukiongeza mfuko wa pili wa DAP kwenye shamba kama hilo, mlaji wa kwanza ni udongo.

Sasa chokaa. Wengi huamini kinachotibu ni kalsiamu. Hapana. Chokaa ya kilimo ni kalsiamu kaboneti, na kazi yote inafanywa na kaboneti, ambayo huzipokonya asidi zile ioni za hidrojeni. Jionee mwenyewe: weka kijiko cha chokaa kwenye kisosi, dondoshea siki. Povu litapanda. Kaboneti imechukua hidrojeni za siki, ikawa asidi dhaifu ya kaboni, nayo ikavunjika papo hapo kuwa maji na gesi. Gesi imepanda hewani, na hidrojeni iliyokuwa huru sasa imefungwa na oksijeni ndani ya molekuli ya maji. Shambani mambo ni hayo hayo, ila polepole.

Rudia kwa jasi, ambayo nayo ina kalsiamu tele. Hakuna povu, kwa sababu salfeti iliyomo haina hamu ya hidrojeni, na pH haitapanda. Kwa hiyo nenda dukani na kichupa cha siki. Dolomiti hutoa povu kwa uvivu, hivyo ipe muda na usiikatae. Chokaa iliyozimwa ya ujenzi haitoi povu la kueleweka, lakini ni kali zaidi: kilo 74 zake zikiwa safi hufanya kazi ya kilo 100 za kaboneti, na huunguza ngozi na macho. Pia pekecha unga kwa vidole. Ukiwa na punje kama mchanga mnene, umeuziwa mawe, na mawe hayatakusaidia msimu huu.

Kiasi gani? Usikisie. Chukua udongo sehemu 15 hadi 20 kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimita 20, ukikwepa vichuguu na mahali palipokuwa zizi. Changanya kwenye ndoo ambayo haijawahi kubeba mbolea, kausha kivulini, peleka nusu kilo maabara: TARI Uyole, au SUA kwa walio karibu na Morogoro. Ukiambiwa tani moja kwa hekta, hiyo ni mifuko 8 ya kilo 50 kwa ekari. Mfinyanzi huhitaji zaidi ya kichanga hata kama pH ni ileile, kwa kuwa umeficha hidrojeni na alumini nyingi juu ya chembe zake.

Majibu yakishatoka, mwaga chokaa mara moja, fukia kwa jembe au plau sentimita 15 hadi 20, uisubiri mvua, kwani chokaa haifanyi kazi kwenye vumbi. Usiichanganye kamwe na DAP, SA wala urea. Chokaa ni besi, yaani kinyume cha asidi, nayo itainyang'anya amoniamu hidrojeni moja, ibaki amonia, na utainusa ikipaa hewani na fedha yako. Siku ya kupanda, DAP iende kwenye shimo peke yake.

Magadi yasiingie shambani hata kama ni besi. Sodiamu yake huvunja muundo wa udongo ukawa kama saruji. Jivu la jikoni ni jema kwenye bustani. Wenye chai wasiguse chokaa, maana chai hupenda uchachu, na wenye viazi waende kwa tahadhari: pH ikipanda sana, viazi hupata ukoko na mnunuzi wa sokoni atavitupa pembeni.